Félicité Niyitegeka wa Gisenyi

Watoto wa Kirungu, ziwa Tanganyika mmelijua tangu mlipofumbua macho. Mwaliona toka huku juu mlimani, na mkishuka Moba mwakuta samaki wake ufukoni. Lakini je, mwajua maji yake yatoka wapi? Sehemu moja yatoka mbali sana kaskazini. Huko, karibu na Bukavu, ziwa Kivu lamwagika na kuwa mto. Mto huo ni Ruzizi. Hushuka kwa kasi kati ya milima, hupita katika bonde pana, kisha huingia katika ziwa letu si mbali na Uvira. Basi tukiyafuata maji hayo kinyume, tukaupanda Ruzizi na kulivuka Kivu lote mpaka ncha yake ya kaskazini, tutafika penye miji miwili iliyopakana kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Mji wa magharibi ni Goma, nao ni wa Kongo. Mji wa mashariki ni Gisenyi, nao ni wa Rwanda. Siku hizi huitwa pia Rubavu. Mpaka wa nchi wapita katikati. Mwenye miguu mizima aweza kutoka mji mmoja na kuingia wa pili kabla hajachoka.

Lishikeni vema jambo hili la mpaka, maana tutalirudia.

Katika mji huo wa Gisenyi aliishi mwanamke mmoja, jina lake Félicité Niyitegeka. Hakuwa tajiri wala mke wa mkubwa. Hakushika bunduki maisha yake yote. Alizaliwa yapata mwaka 1934, kusini ya Rwanda, upande wa Butare. Siku zile Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji, kama Kongo yetu. Mapadri Weupe, wa shirika lile lile lililojenga misioni ya Kirungu, walikuwa wamefika huko mwaka 1900, wakaanza misioni ya kwanza kule Save, katika upande huo huo wa Butare. Kwa hiyo Félicité alikua katika nchi ambayo kengele ya kanisa na kengele ya shule zilikuwa zimekwisha kuwa sauti za kila siku. Alisoma, akawa mwalimu.

Kisha akajitoa kwa Mungu katika chama cha wanawake kiitwacho Wasaidizi wa Utume. Hawa si masista kama mnavyowajua ninyi. Hawavai nguo ya kitawa wala hawafungiwi katika konventi. Ni wanawake wasioolewa, waliojiweka chini ya askofu wao, wakaishi kati ya watu na kufanya kazi za watu: mmoja afundisha, wa pili auguza wagonjwa, wa tatu aongoza wasichana. Ukikutana nao njiani hutawatambua kwa kanga wala kwa kiatu.

Félicité alifanya kazi katika jimbo la Nyundo, ambalo mji wa Gisenyi ni sehemu yake. Askofu wa kwanza wa Nyundo, Aloys Bigirumwami, alipewa uaskofu mwaka 1952, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zote zilizotawaliwa na Wabelgiji. Mwishowe Félicité aliwekwa kuwa mkuu wa Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Kituo hicho kilikuwa nyumba ya kupokea wageni.

Labda kazi hiyo mwaiona ndogo. Kupokea wageni ni nini? Ni kuhesabu mashuka, kupima unga na maharagwe, kushika funguo, kujua nani amefika na nani ameondoka, na kumkaribisha mtu usiyemjua kwa uso mwema hata kama umechoka. Félicité alizoea mambo hayo. Siku mambo yalipoharibika, ujuzi wake ulikuwa huo huo.

Sasa yanipasa kueleza jambo gumu. Nitalieleza polepole.

Watu wa Rwanda wasema lugha moja, nayo ni Kinyarwanda. Wakaa juu ya vilima vile vile, walima maharagwe yale yale, na Mungu wamwita kwa jina moja, Imana. Lakini wamegawanyika kwa majina matatu: Wahutu ambao ni wengi, Watutsi ambao ni wachache kuliko wao, na Watwa ambao ni wachache sana. Zamani majina hayo yalihusu pia mali na cheo, na mara nyingine mtu aliweza kutoka katika jina moja akaingia katika jingine. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliwaandika watu wote, ikampa kila mtu mzima kitambulisho chenye kuonyesha kabila lake. Tangu hapo jina likawa kama chapa juu ya ng'ombe. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962, vitambulisho vile vikabaki.

Tangu mwaka 1959 Watutsi wengi waliuawa au walifukuzwa, wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na hapa Kongo. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi hao walirudi toka Uganda wakiwa na silaha, vita ikaanza. Mapatano yalifanywa Arusha tarehe 4 Agosti 1993, lakini wako wakuu wa serikali ambao hawakuyataka. Redio yao moja ikawa kila siku yawaita Watutsi mende. Mwajua mtu hufanya nini akimwona mende: hafikiri, ainua mguu tu. Ndiyo maana waliochagua neno hilo walilichagua. Vijana nao wakakusanywa na kufundishwa kuua. Jina lao ni Interahamwe.

Watoto wengine kati yenu mwajua jambo la namna hii bila kusomewa kitabuni. Mwaka 2016 na 2017, katika jimbo letu hili la Tanganyika, Waluba na Wabatwa walipigana, vijiji vikachomwa, na watu wakalala chini ya vibanda vya majani kandokando ya Kalemie. Muulizeni mtu aliyelala humo.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua rais wa Rwanda, Juvénal Habyarimana, ilipigwa ikaanguka Kigali. Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, alikuwamo pia, akafa naye. Toka usiku ule wauaji wakaanza kazi yao. Kwa muda wa siku mia hivi waliwaua Watutsi, wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ni watu kama 800,000. Serikali ya Rwanda yasema walipita milioni moja. Wahutu waliokataa uovu huo waliuawa pia.

Gisenyi ulikuwa mkoa wa nyumbani kwa rais, basi huko mauaji yalianza mapema, siku ile ya tarehe 7. Barabarani waliweka vizuizi. Penye kizuizi kila mpita njia alidaiwa kitambulisho. Aliyeandikwa Mhutu alipita. Aliyeandikwa Mtutsi alitolewa kando ya njia. Aliyesema kwamba kitambulisho chake kimepotea alitazamwa pua na urefu wake, na wenye panga mkononi wakaamua.

Watu waliowindwa wakatafuta mlango. Wengine walikwenda kwa jirani waliyekula naye miaka 20, na jirani akafunga. Wengine walikwenda kwa jirani wasiyemtumainia, naye akawafungulia. Wako waliopiga hodi katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Félicité akawafungulia. Kesho yake wakaja wengine, akafungua tena.

Kitambulisho chake yeye kilimwonyesha kuwa Mhutu. Tena ndugu yake wa kiume alikuwa kanali katika jeshi la serikali. Kwa kitambulisho hicho na kwa jina la ndugu huyo, hakuna aliyekuwa akimtafuta. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 60. Angeweza kufunga mlango wa chumba chake, akasali rozari mpaka ghasia zipite, wala hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Fikirini kidogo kazi aliyojitwika. Kumficha mtu mmoja usiku mmoja ni rahisi kusema. Lakini kuficha watu zaidi ya 40 katika nyumba ambayo mji mzima waijua! Wote wanahitaji kula, na unga hununuliwa sokoni mbele ya macho ya watu. Mwenye duka aona mama wa kituo anunua magunia siku ambazo wageni hawasafiri, aweza kuuliza. Wote wanahitaji maji. Wote wanahitaji kwenda chooni. Kati yao yuko mwenye kukohoa, yuko mtoto wa kulia usiku. Moshi wa jiko mrefu kuliko kawaida waonekana toka barabarani. Na kila anayeingia kwa kazi, awe mpishi au mchota maji, aweza kusema neno moja nje, kwa woga au kwa fedha, na neno moja latosha. Mwenye nyumba hana budi kuyakumbuka haya yote kila saa, na tena kuwapa uso wa matumaini waliomo ndani, kwa kuwa wao hawatazami dirisha, watazama uso wake.

Wazee wa Kirungu hapa hawatashangaa sana kusikia habari ya mahali pa kukimbilia. Babu zao walikuwa nayo. Kapiteni Joubert, yule Mfaransa ambaye jina lake mwalisikia, alifika Mpala mwaka 1887, siku ambazo majeshi ya wenye kuteka watumwa yalikuwa yakichoma vijiji kandokando ya ziwa. Waliowindwa walikimbilia kwake, Mpala na kisha Mrumbi, akawapokea na kuwalinda. Alioa mwanamke wa huku, akakaa nasi mpaka kufa kwake mwaka 1927. Lakini Joubert alikuwa askari. Alikuwa na bunduki na watu waliofundishwa kuzitumia. Félicité alikuwa na mlango wa mbao na funguo zake.

Anafanana zaidi na watu wengine, wa nchi za mbali. Kati ya mwaka 1940 na 1945 Wajeremani wa Hitler walizishika nchi nyingi za Ulaya, wakawatafuta Wayahudi nyumba kwa nyumba. Nao pia walianza kwa kuandika majina. Wayahudi walilazimishwa kushona nyota ya manjano nguoni, kisha wakapakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa kuuawa. Wayahudi kama milioni 6 walikufa. Ubelgiji alikuwako mmonaki wa Leuven, Padri Bruno Reynders wa shirika la Mtakatifu Benedikto. Yeye aliwagawa watoto wa Kiyahudi katika konventi, shule na nyumba za watu, mmoja hapa, wawili kule, kwa majina ya kubuni. Hivyo aliokoa karibu watu 400, wengi wao watoto. Peke yake asingeweza hata kumi. Ilihitajika kila mahali awepo mama wa shamba, au sista mpishi, au mwalimu, aliyekubali kuongeza sahani moja mezani na kunyamaza. Majina ya wengi wao hayajulikani mpaka leo.

Turudi Gisenyi. Sasa mtaona kwa nini niliwaambia mshike habari ya mpaka.

Félicité aliona kwamba nyumba yake haiwezi kuwa kificho cha siku nyingi. Mlango umefunguliwa mara nyingi mno, siri imekuwa ya watu wengi mno. Na Goma iko pale, karibu hata taa zake zaonekana. Siku zile nchi yetu iliitwa bado Zaire, na huko wauaji hawakuwa na vizuizi vyao. Basi Félicité akafanya shauri la kuwavusha. Usiku watu walitolewa katika kituo, wachache wachache, wakaelekezwa mpakani. Kwa njia hiyo makumi ya watu walipita, wakaingia Goma wakiwa hai. Nafasi yao nyumbani ikachukuliwa na wengine waliofika nyuma yao.

Naye aliyewaonyesha wengine njia hiyo aliijua njia. Yeyote kati yenu aweza kuuliza: kwa nini hakwenda naye? Usiku mmoja tu angefuatana na kikundi kimoja, asirudi. Lakini kila usiku kulikuwa bado na watu ndani. Mwenye nyumba akiondoka, nani atafungua atakayepiga hodi saa nane? Nani atajua unga umebaki kiasi gani, na yupi ni mgonjwa asiyeweza kutembea?

Ndugu yake kanali alipata habari. Alikuwa na cheo, alijua vema ni nini kinachokuja. Akampelekea dada yake neno kwamba aondoke mahali pale, ajiokoe. Msimdhanie vibaya, alimpenda dada yake, na neno lake lilikuwa neno la ndugu. Aliweza kumwokoa yeye. Wale waliokuwa naye, hakuahidi lolote juu yao.

Félicité alimjibu kwa barua. Barua hiyo imehifadhiwa, na watu wengi wa Rwanda wajua yaliyomo. Alimshukuru ndugu yake kwa kutaka kumsaidia. Lakini kuokoa nafsi yake, alimwambia, kwamaanisha kuwaacha watu 43 aliokuwa na amana yao, na badala ya hivyo achagua kufa pamoja nao. Akamwomba awaombee. Akawaaga jamaa wa nyumbani. Ni barua fupi. Mimi nimeisoma mara nyingi, na jambo linalonishika ni ile hesabu. Hakuandika kwamba watu ni wengi, wala kwamba nyumba imejaa. Aliandika 43, kama mtu aliyewahesabu jioni ile ile ili agawe chakula.

Tarehe 21 Aprili 1994 Interahamwe walifika katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Safari hii hawakuja kuuliza. Waliwatoa waliofichwa ili wawapandishe katika gari. Wenzake Félicité, wale Wasaidizi wa Utume waliokuwa naye, hawakukubali kutengwa na watu wao, wala yeye hakukubali. Wakapanda pamoja. Gari likawachukua mpaka makaburini, mahali palipoitwa na wauaji wenyewe Commune Rouge, yaani Komuni Nyekundu. Mashimo yalikuwa tayari.

Huko wakaanza kuwaua. Wauaji walijua kwamba huyu mama ni dada wa kanali, wakaogopa kumgusa. Wakamwambia aende zake. Mara ya kwanza angeweza kuondoka kwa sababu ya kitambulisho. Mara ya pili kwa sababu ya mpaka. Mara ya tatu kwa sababu ya barua ya ndugu yake. Hii ilikuwa mara ya nne, na safari hii adui mwenyewe ndiye aliyemfungulia njia. Watu wake wengi walikuwa wamekwisha kufa mbele ya macho yake. Félicité alijibu kwamba hana tena sababu ya kubaki. Alimwombea yule atakayemwua. Wakampiga risasi.

Vita iliendelea karibu miezi mitatu tena. Katikati ya Julai mwaka huo serikali ya wauaji ilishindwa, nayo ikakimbia, ikisukuma watu mbele yake. Kwa siku chache tu watu karibu milioni moja walivuka mpaka ule ule wa Gisenyi na Goma. Hawa walikuwa wengi wao Wahutu: mama wenye watoto mgongoni, wazee, watu wasio na kosa, na kati yao wauaji wakiwa na silaha zao. Wakalala juu ya mawe meusi ya volkano, na kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu. Watu wa Goma waliwazika. Toka hapo vita ikaingia Kongo, na habari zake ni ndefu kuliko somo hili. Wazazi wenu wazijua, kwa maana ndizo zilizowafanya watu wa pwani yetu kukimbilia ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Nyarugusu, na wengine Zambia.

Baadaye Umoja wa Mataifa ulifungua mahakama mjini Arusha ili kuwahukumu wakuu wa mauaji. Omar Serushago, mmoja wa viongozi wa Interahamwe wa Gisenyi, alikiri makosa yake mbele ya majaji, akapewa kifungo cha miaka 15 mwezi wa Februari 1999.

Nisifiche jambo moja, hata kama laumiza. Kati ya waliohukumiwa Arusha yumo padri. Kule Nyange, upande wa Kibuye, Watutsi walikuwa wamekimbilia kanisani, na tarehe 16 Aprili 1994, siku tano kabla ya kufa kwake Félicité, kanisa lile lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Padri wa pale alishiriki. Amehukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alimpokea rais wa Rwanda huko Roma, akamwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Félicité na padri yule walifundishwa katekisimu moja. Wote wawili walisali sala zile zile za asubuhi. Mimi niliyesoma seminari miaka mingi sina maelezo ya jambo hili, nami sitawapa maelezo nisiyo nayo.

Lakini jina la Nyange lina habari ya pili, nayo yawahusu wanafunzi. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, karibu miaka mitatu baadaye, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange. Wakawaamuru wanafunzi wagawanyike: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Wanafunzi wakakataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Basi wale watu wakawapiga wote pamoja kwa risasi na makombora. Wako waliokufa usiku ule, wako waliobaki vilema. Hawakuwa wakubwa sana kuliko ninyi mlio darasa la mwisho.

Makaburi yale ya Gisenyi siku hizi ni mahali pa ukumbusho. Watu huenda kila mwaka mwezi wa Aprili, huweka maua na kukaa kimya. Na baadhi ya wale waliovushwa toka Kituo cha Mtakatifu Petro, wale waliotangulia kabla ya tarehe 21, walipona.

Taifa la Rwanda huwaheshimu mashujaa wake kila tarehe 1 Februari. Mashujaa hao wamepangwa kwa madaraja, na daraja moja huitwa Imena. Wamo humo mfalme Mutara Rudahigwa, aliyekufa mwaka 1959, na Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu aliyeuawa asubuhi ya kwanza ya mauaji. Wamo wanafunzi wa Nyange, wale waliokufa na wale walio hai. Pamoja nao ameandikwa mwalimu mmoja mzaliwa wa Butare, aliyeshika funguo za nyumba ya wageni kule Gisenyi.